Nafundisha Kiingereza Thailand, darasa limetulia kama maji mtungini. Nifanyeje?

Ticha wa Kihesa

Wakuu, habari za humu. Mimi ni Mtanzania, ualimu nimesomea, na tangu mwezi wa tano niko mkoa wa Surin, kaskazini mashariki mwa Thailand, jirani na mpaka wa Kambodia. Shule ni ya serikali. Nafundisha Matthayom 2, ambayo ni kama kidato cha pili kwetu, na mkondo unaoninyima usingizi una watoto 43.

Maisha mengine hayajanishinda. Wali upo wa kumwaga. Saa mbili asubuhi bendera inapandishwa, tunasimama mstarini na jua letu usoni, najiona niko Iringa. Viatu vinaachwa mlangoni mwa darasa, na hili hakuna aliyenidokeza. Siku ya kwanza navua, kumbe soksi ya kushoto ina tundu, dole gumba lote liko nje linasalimia watu. Darasa lilicheka mpaka wengine wakalaza vichwa madawatini. Sijasikia sauti zao tena tangu siku hiyo.

Maana kipindi kikianza mambo ni haya. Kiranja anasema "Stand up, please." Wote wanainuka: "Good morning, teacher." Nauliza "How are you?" Wanaitikia kama kwaya, "I'm fine, thank you, and you?" Hata mwenye homa yuko "fine". Wakishakaa, basi, duka limefungwa.

Juzi nilimuuliza binti mmoja amekula nini asubuhi. Akamgeukia mwenzake akamnong'oneza. Mwenzake akamgeukia wa nyuma. Wa nyuma akafungua simu chini ya dawati. Jibu likarudi kwa njia ileile, mdomo kwa sikio, likanifikia baada ya dakika nzima: "Egg." Nililifurahia hilo yai kana kwamba nimelitaga mimi.

Nimejaribu pipi, nimejaribu alama za ziada. Nikatishia kufelisha, mwalimu mwenyeji akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba pale shuleni hafelishwi mtu, atarudia mtihani mpaka apite. Nimeishiwa mbinu. Halafu kuna kitu kinanitatiza: madaftari yao yamejaa 555. Mmoja kaandika chini ya zoezi, "teacher sock 555". Ndiyo nini?

Kigogo Mtoro

Mkuu, hiyo ni bei ya soksi mpya.

Binti Voi

Pole kakangu. Mimi ni Mkenya, niko Chonburi mwaka wa sita sasa. Tano kwa Kithai ni "haa". Kwa hiyo 555 ni haa haa haa, wanakucheka. Usikasirike. Mtoto wa Kithai akikuandikia mzaha kwenye zoezi ujue ameshakupenda.

Hilo la kunyamaza lina jina lake, utalisikia kila siku: kreng jai. Chukua soni, changanya na kumstahi mtu, kisha ongeza ile ya mgeni kusema ameshiba na njaa inamuuma, kwa kuwaonea wenyeji huruma. Hapo umekaribia. Mtoto akikosea mbele ya wenzake ameaibika. Akipatia swali ambalo rafiki yake amekosa, amemwaibisha rafiki. Salama iko wapi? Kwenye kimya. Ile safari ya yai unayoicheka ilikuwa ni darasa zima linamkinga yule binti.

Kwa hivyo acha kumsimamisha mmoja. Waweke wawili wawili, wape dakika mbili wasemezane, kisha jozi ijibu pamoja, hata kama ni kwa sauti ya panya. Mimi nilianza kusikia watu siku nilipoacha kuita majina. Na majina yenyewe ni balaa: nina Bank, nina Ice wawili, nina Beer. Nishawahi kupaza sauti "Beer, come here" na wageni wa wizara wamesimama mlangoni.

La pili ni matamshi. Kithai hakimalizi neno kwa s wala kwa l. Ile s ya mwisho inageuka t, ile l inageuka n. "Bus" itakuwa "bat", "football" itakuwa "futbon". Usidhani ni uvivu. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama nikipuliza "ssss" kama swila, mate yanawarukia wa dawati la mbele, na hakuna lililobadilika. Kilichosaidia ni kuwapa neno linalofuata lianze kwa irabu: "bus is", "ball in". Ile s inahamia mwanzo wa silabi ya pili, na mwanzoni wanaiweza kabisa. Ukishaisikia, rudi nyuma polepole ulikate lile neno la pili.

Na kama uliletwa na wakala, soma mkataba upya. Wangu alikula kipande cha mshahara mwaka mzima na mimi nikidhani ni kodi. Kibali cha kazi kiwe na jina la shule unayofundisha kweli, na ile ripoti ya uhamiaji ya kila siku 90 usiisahau. Matangazo ya kazi yanayotaka Waingereza na Wamarekani peke yao utayaona mengi. Mimi hutuma maombi vilevile.

Mzee wa Chaki

Mwanangu, nimefundisha sekondari mkoani Tanga miaka 31, sasa nafuga kuku. Unayoyasimulia nimeyaona bila kupanda ndege. Mtoto kasoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili miaka saba, anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu Kiingereza. Unamuuliza "Have you understood?" Anajibu "Yes, sir." "What have you understood?" "Yes, sir."

Tulikuwa na kile kibao cha shingoni. Aliyekamatwa akisema Kiswahili anakivaa mpaka naye amkamate mwenzake. Nimewavisha watoto wa watu kibao hicho kwa mikono yangu. Kiingereza hakikuongezeka hata chembe. Walijifunza kunyamaza na kuchongeana, tena hayo waliyajua vizuri sana.

Swali langu kwako ni moja. Hao watoto wakifika nyumbani wanasema lugha gani? Una hakika ni Kithai?

Ticha wa Kihesa

Shikamoo mzee. Dada Binti Voi, asante, jozi zinafanya kazi, nitaeleza. Nimechelewa kurudi kwa sababu ya hilo swali la mzee.

Niliwauliza. Zaidi ya nusu ya darasa nyumbani ni Kikhmer, lugha ya Kambodia. Kithai wamekikuta shule, na mimi nawabebesha cha tatu. Miezi mitatu nimesimama mbele yao sijui. Na mimi ndiye niliyelelewa na bibi kwa Kihehe, nikakuta Kiswahili darasa la kwanza!

Basi Jumanne sikufungua kitabu. Nikawaambia leo mwalimu ni nyie, nifundisheni kuhesabu Kikhmer hadi kumi. Kumbe hesabu yao ikifika tano inarudi nyuma: sita ni tano-na-moja, saba ni tano-na-mbili. Niliparaganya saba, nikaparaganya nane, na darasa zima likapiga kelele "No, teacher! Again!" Kwa Kiingereza, wakuu. Watu 43. Mwalimu wa chumba cha jirani alikuja kuchungulia kama kuna nyoka.

Tangu hapo jozi zinaongea. Si sana, lakini zinaongea, na ile "bus is" imeanza kuwakaa mdomoni. Yule binti wa yai juzi kanijibu mwenyewe, kamwangalia mwenzake tu kwanza.

Ila limezuka jingine. Jana nimesema wafungue vitabu. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye nilishamwandika kama bubu, akainua mkono: "Teacher, why you say buku?" Nikamwambia sisemi hivyo. Wakasema wote, "Yes, teacher. Buku." Tumebishana hadi kengele ikalia. Nimerudi chumbani nikajirekodi kwenye simu, nikasikiliza mara nne.

Ni kweli. Wao wanakata mwisho wa neno, mimi naongeza. "Open your buku."

Soksi nimeshanunua, pea tatu.

Binti Voi

555