Kai-skwea ya helmeti na majeraha ya kichwa: sampuli ndogo

Swali
Wakuu, naandaa utafiti wa waendesha baiskeli wanaoletwa hospitali ya Ligula, Mtwara baada ya ajali. Kabla ya kugusa rejista ya wagonjwa nimejaribia namba za kubuni: wenye helmeti 6, mmoja kaumia kichwa, wasio nayo 74, walioumia kichwa 31. SPSS (programu ya takwimu) inatoa onyo chini ya kai-skwea (kipimo cha kama mambo mawili yanahusiana) kwamba kuna visanduku vyenye idadi tarajiwa chini ya 5. Nifanyeje?

Jibu 1
Onyo ni halali. Kisanduku cha "helmeti na jeraha" kinatarajiwa kuwa na watu 6×32÷80, yaani 2.4, kama helmeti na jeraha havihusiani. Chini ya 5 soma mstari wa Fisher, kipimo kinachofaa sampuli ndogo. Kwa jedwali la 2×2 SPSS huutoa yenyewe. Hapo p (uwezekano wa kupata tofauti kama hii au zaidi kwa bahati tu) ni 0.39.

Ila usikimbilie kuandika "helmeti haisaidii". Odds resho yako (odds za kuumia kichwa za wenye helmeti ukigawa kwa za wasio nayo; chini ya 1 ni kinga) ni (1×43)÷(5×31) = 0.28. Angalia data ya waendesha baiskeli wa Seattle, Marekani, iliyochapishwa 1989, ile inayofundishiwa madarasani: kati ya 235 walioumia kichwa, 17 walivaa, kati ya 558 wa kulinganishia, walivaa 130. Resho 0.26, karibu sawa na yako, lakini kai-skwea ni 28 na p iko chini ya 0.001. Kilichobadilika hasa ni idadi ya watu. Kwa hiyo ripoti mipaka ya asilimia 95 ya odds resho (kuanzia wapi hadi wapi resho ya kweli inaweza kuwa): yako 0.03 hadi 2.5, yao 0.15 hadi 0.44.

Jibu 2
Naongezea, maana hesabu ndiyo sehemu rahisi. Wale 558 wa Seattle hawakuokotwa wodini; walikuwa wanachama wa mpango wa afya waliopata ajali ya baiskeli mwaka uliotangulia. Wewe ukibaki na rejista peke yake, aliyeanguka Mikindani na helmeti yake akachubuka goti anaishia duka la dawa, humwoni kabisa. Helmeti inaweza kuonekana dhaifu kuliko ilivyo.

Halafu rejista: pasipoandikwa kitu si "hakuvaa". Weka alama (kodi) tatu: alivaa, hakuvaa, haijulikani. Umri na aina ya ajali (kugongwa na gari au kuanguka mwenyewe) viingie kwenye rigreshoni ya lojistiki, hesabu inayopima helmeti huku ikisawazisha mambo mengine. Seattle waliposawazisha umri, ukali wa ajali na mengineyo, punguzo la hatari ya kuumia kichwa likafika asilimia 85.

Muuliza swali
Asanteni. Je, nikichanganya na bodaboda ili nipate wavaaji wengi?

Jibu 2
Usichanganye, mwendo ni tofauti mno. Fanya bodaboda jedwali lake. Na dereva na abiria wa pikipiki moja si watu wawili huru, kai-skwea ya kawaida haivumilii hilo. Chukua madereva tu.