Ukoo wa Bibi, Songea

Deo, 19:42
[Video] Bonde la Ahr, Ujerumani, Julai 2021. Oneni magari yanavyoelea. Malipo ni hapahapa duniani. Waliwanyonga babu zetu, na wao maji yamewafuata.

Mama Neema, 19:44
Mimi siwalilii.

Dada Upendo (Bonn), 19:51
Deo, hapo ni jirani na kwangu. Wiki ileile nilienda kuzoa tope kwenye nyumba ya bibi mmoja. Picha zake za harusi zilikuwa zimegandana, akawa anazibandua mojamoja kwa kisu cha mkate. Na pale Sinzig watu 12 wenye ulemavu walizama usiku kwenye makazi yao, ghorofa ya chini. Hao walimnyonga nani?

Deo, 19:53
Dada, utajiri wanaoukalia umetoka wapi?

Shangazi Oliva, 20:05
Deo mwanangu, hilo la utajiri lishike, usiliachie. Mimi sijawasamehe. Jeshi la Götzen, gavana wao Mjerumani, lilichoma mashamba na maghala, njaa ikaua kuliko risasi. Wapo wanahistoria wanaokadiria waliokufa Maji Maji wafike 300,000. Bibi alikuwa akinisimulia mama yake alivyochimba mizizi porini, wanaitafuna mbichi na udongo wake. Mwaka 1906 wakawanyonga wazee wetu hapa Songea, na kichwa cha Nduna wetu, jemadari Songea Mbano, wakakichukua, mpaka leo hatujakizika.

Shangazi Oliva, 20:09
Sasa niambie. Ujerumani walikufa zaidi ya 180 kwa mafuriko yale. Nduna amerudi hata jino? Ukisema Mungu keshawalipa, umewafutia deni. Mimi sitaki wafutiwe.

Mama Neema, 20:11
Hapo umenigusa wifi. Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilipowafukia watu Katesh, wale walikuwa wamemtawala nani? Nafuta kauli.

Baba Mkubwa, 20:20
Novemba 2023 nilikuwepo Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alipokuja makumbusho hapa Songea. Aliomba msamaha, akasema watajaribu kukitafuta kichwa. Rais mzima ametamka mbele ya wajukuu. Hapo ndipo pa kukaba.

Dada Upendo, 20:24
Shikamoo Baba Mkubwa. Mwaka huohuo Berlin walipima vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa enzi za ukoloni, matatu yakapata ndugu zao walio hai Kilimanjaro. Kwa hiyo kazi hii inawezekana, ila ndugu lazima wajulikane.

Baba Mkubwa, 20:26
Marahaba mwanangu. Basi Februari tukikutana kwenye kumbukumbu ya Maji Maji, kila nyumba ije na majina ya wazee yameandikwa, mpaka pale kumbukumbu inapoishia.

Deo, 20:33
Shikamooni wazee. Hasira haijanitoka, ila hilo la kuwafutia deni sikuwa nimelifikiria. Video nimeifuta. Nyumba yetu nitaandika mimi. Shangazi, baba yake bibi aliitwa nani?

Shangazi Oliva, 20:35
Nipigie kesho baada ya misa. Uwe na kalamu.