Naomba ushauri: Persona 5 Royal inafaa kuwekwa kwa kibanda cha PS?

FundiPS_Kongowea
Assalaam aleikum. Nina kibanda cha PS (PlayStation) huku Kongowea, televisheni tatu, kutwa FIFA. Nafikiria moja niitenge kwa ile gemu ya Kijapani, Persona 5 Royal. Mliocheza mpaka mwisho, nielezeni uzuri na ubaya wake, ukweli mtupu. Nataka kuamua kabla ya wikendi na usingizi siupati.

Makupa7
Uzuri wake ni hadithi. Kijana amesingiziwa kesi, anahamishiwa Tokyo, analala darini juu ya mkahawa. Mchana yuko shule, jioni yeye na wenzake wanaingia kwenye nafsi za watu wazima waovu na kuwaibia tamaa zao. Mapigano ni ya zamu: ukigundua udhaifu wa adui unamwangusha na kupewa zamu nyingine, kwa hivyo ni akili kuliko wepesi wa vidole. Muziki wa Shoji Meguro hautoki kichwani. Ubaya ni urefu, saa mia na zaidi. Mwanzoni unafundishwa tu, na kuna paka kazi yake kukuambia ukalale. Mementos, zile njia za chini ya ardhi, zinachosha. Ukiona ghorofa moja umeona zote.

LikoniFeri
Saa mia kwa kibanda cha kulipia? Huyo mteja atamaliza akiwa na wajukuu. FIFA ni mechi moja, mmoja analia, mwingine analipa, wafuatao waingie.

Mzee_wa_Kuze
Yakhe, sisi zetu zilikuwa Final Fantasy VII, ile ya 1997, diski tatu. Kadi ya kumbukumbu hatukuwa nayo, basi mashine inaachwa ikiwaka usiku kucha, televisheni imefunikwa leso mama asione mwanga. Stima ikipotea unaanza upya Midgar, mji wa mwanzo wa gemu. Hadi leo mtaa ule naujua kuliko Bondeni. Gemu za sasa zimejaa maneno.

Bint_Bamburi
Tuulizane la msingi. Nani ataicheza? Ni gemu ya mtu mmoja, Kiingereza kingi cha kusoma. Hakuna mwenye kibanda anayetenga televisheni bila mteja.

FundiPS_Kongowea
Mteja yupo. Amelipa mwezi mzima.

Bint_Bamburi
Ana umri gani?

FundiPS_Kongowea
Miaka 13. Anaishi na nyanyake hapa jirani, mamake yuko Saudia kwa kazi za nyumbani. Mama ndiye aliyetuma pesa, akasema heri mwanawe akitoka shule akae kwangu kuliko maskani. Gemu ameichagua mtoto mwenyewe, na diski nimeshanunua. Kabla hamjanirukia, gemu hii inafundisha. Kila siku ya kalenda lazima upange utafanya nini, unaulizwa maswali darasani, unafanya mitihani, na elimu yako ikiwa ndogo kuna milango haifunguki. FIFA inafundisha nini zaidi ya matusi?

Ustadh_Majengo
Humo ndani mnaita viumbe vyenye majina ya mashetani na miungu ya kale. Madrasa zipo jioni. Jasho la mama aliye ugenini lisiliwe hivi, ndugu yangu.

Bint_Bamburi
Kaka, nafsi ya kila mwovu humo unaiingia kama kasri, na kasri la kwanza ni la Kamoshida, mwalimu wa michezo anayepiga wanafunzi na kuwaandama wasichana. Mmoja wao anajirusha kutoka paa la shule. Hapo gemu imeandikwa kwa uzito, na kwangu ndiyo nguvu yake kubwa: watoto wanajua, na watu wazima wanaangalia pembeni. Haipiti muda, gemu hiyo hiyo inamsukuma Ann, aliyekuwa akiandamwa na mwalimu huyo, akachorwe uchi na mchoraji, nasi tunatakiwa tucheke. Baadaye mwanafunzi anaweza kuwa mpenzi wa mwalimu wake wa darasa. Mtu mzima ataona ufa huo na ataukasirikia. Wa miaka 13 atauzungumza na nani hapo kibandani? Ulaya imewekewa umri wa miaka 16, Marekani 17.

Jomvu_Jasusi
Mimi hadithi hii siiamini. Juu "nafikiria", chini diski imeshanunuliwa. Anauliza uzuri na ubaya, kisha anatuhubiria kalenda na mitihani. Huyu ana diski ya kuuza. Mtoto na mama wa Saudia ni wa kututoa machozi.

LikoniFeri
Hata mimi nimeshtuka. Bei gani, lakini?

FundiPS_Kongowea
Siuzi! Nimeicheza mwenyewe usiku baada ya kufunga, nimefika kwa yule mchoraji. Lile la Ann liliponifikia nilizima, ndipo nikaja kuuliza. Sikulisema mapema kwa sababu najua mtasema rudisha pesa, na pesa imeshalipa kodi ya kibanda. Na mtoto kila jioni yuko mlangoni, "Ami, iko tayari?" Nani kati yenu atakuja kumwambia? Picha ya sevu yangu, yaani pale nilipohifadhi mchezo, hii hapa, tazameni.

Jomvu_Jasusi
Picha nimeiona. Gemu umeicheza, nakubali. Mtoto bado sijamwamini.

Bint_Bamburi
Mimi namjibu kana kwamba mtoto yupo, maana akiwepo ndiye atakayeumia. Pesa usirudishe, saa ni zake; badilisha gemu. Dragon Quest XI S nayo ni ya zamu, wahusika wamechorwa na Akira Toriyama wa Dragon Ball, na Ulaya imewekewa 12. Udhaifu wake: shujaa hasemi neno, na hadithi yenyewe haina ujasiri wa Persona. Lakini kwenye PS4 kuna toleo la majaribio la bure, karibu saa kumi, na sevu yake inaendelea ukinunua gemu kamili. Aanze nalo wakati unazungumza na mamake. Mwambie mama yaliyomo, usimwambie "gemu ya shule".

FundiPS_Kongowea
Linashuka sasa, bando lote limeenda humo. Mamake nimemtumia ujumbe wa sauti, nimemweleza kasri la kwanza lilivyo, pamoja na yule msichana wa paani. Bado hajausikiliza, saa hizi yuko kazini. Akiridhia Persona, nitakaa na mtoto mimi mwenyewe akiicheza, sitamwacha peke yake. Na Jomvu, diski siuzi.