Feri zimejaa wiki nzima, nivuke vipi na familia?

Mvukaji
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuvuka kwenda kisiwani mwishoni mwa wiki hii, mimi, mke, watoto wawili na gari. Kila nikifungua tovuti ya feri naambiwa imejaa, siku zote. Kuna jamaa gatini anasema yupo mwenye boti ya uvuvi wa kutuvusha alfajiri, anataka advansi. Nimpe?

Mama Nanga
Usitoe hela bado. Kwanza kilichojaa ni nini? Mara nyingi sitaha ya magari ndiyo hujaa mapema huku viti vya abiria vikiwa bado vipo. Ondoa gari kwenye fomu, utafute upya. Halafu tafuta nafasi mojamoja. Ukiomba nne na zimebaki tatu, unajibiwa "imejaa" basi, huambiwi kuna tatu.

Kasia Moja
Kama feri inatia nanga bandari ya katikati, jaribu pia kukata tiketi kwa vipande viwili, mpaka hapo na kutoka hapo. Na tiketi zilizoshikwa bila kulipiwa hurudi muda wa malipo ukiisha, kwa hiyo chungulia mara kwa mara.

Mzee wa Gati
Mnamzungusha tu. Nenda gatini mapema na mizigo michache, uandikwe orodha ya kusubiri. Wasiotokea hawakosekani. Mkigawanyika, mmoja wenu atangulie na mtoto mmoja.

Mvukaji
Gari naweza kuliacha. Meli za mizigo je?

Baharia Mstaafu
Zipo, ila kwa mkataba wa kimataifa wa usalama baharini (SOLAS), chombo chenye abiria zaidi ya 12 ni meli ya abiria, na masharti yake ni mazito. Ndiyo maana wa mizigo wakichukua watu huishia hapo, na wengi hawachukui kabisa. Muulize wakala wa meli, si makuli. Shehena ikichelewa kupakiwa, nawe utalala bandarini.

Hiyo boti sasa. Leseni ya kuvua si leseni ya kubeba abiria, na likitokea la kutokea bima inaweza kukukana. Uliza ameruhusiwa watu wangapi, ana redio ya VHF (ya dharura ni chaneli 16), na nani nchi kavu anabaki na majina yenu. Kisha akuoneshe jaketi okozi za watoto, uzishike kwa mkono wako. La mtu mzima likivaliwa na mtoto mdogo linapanda usoni, mwenyewe anachomoka kwa chini. Akikwambia "mbona ni hapo tu", geuza.

Mzee wa Gati
Watu wanavuka hivyo kila siku na wanafika, Baharia.

Baharia Mstaafu
Hata feri Le Joola ya Senegal ilikuwa ikifika, mpaka Septemba 2002 ilipopinduka wakafa watu zaidi ya 1,800. Iliruhusiwa watu wasiofika 600. Na ile ilikuwa feri ya serikali, mzee wangu.

Dada Mkoba
Mkikosa kabisa, tafuteni boti za kukodi zilizosajiliwa kwa watalii au wapiga mbizi. Bei itauma, lakini familia nyingine zilizokosa feri zipo, unganeni mgawane gharama. Lipeni nusu mkishaiona boti, nusu mkishashuka.

Mvukaji
Asante dada. Bahari ikichafuka siku hiyo, hela inarudi?

Dada Mkoba
Liandikeni kabla ya kulipa: nahodha akiahirisha kwa hali ya hewa, anarudisha yote au mnapanga siku nyingine. Asiyerudisha mtagombana naye gatini, au atang'oa nanga kwenye mawimbi ili asipoteze pesa.