Ghala la pwani tulifungue, au tuliache?

Kijana wa Langoni:
Assalam aleikum wana Lamu. Lile ghala la zamani la pwani limepata mtu wa kulishika. Mwenyewe simtaji. Anataka chini mkahawa, juu maonyesho, na usiku wa Ijumaa ukumbi wa taarab wa watu 200. Mimi nakubali. Ngome yetu ilikuwa jela hadi 1984, leo tunaozeshana uani mwake na hakuna anayeona ajabu. Kule Yokohama, Japani, maghala mawili ya forodha ya miaka ya 1911 na 1913 yalifunguliwa upya 2002: moja kumbi za sanaa, jingine maduka. Sisi tunangoja nini, popo wamalize kulihama?

Sharti langu ni moja: mlango wa upande wa bahari usifungwe, na baraza yake isizungushiwe kamba.

Fundi Chokaa:
Ndugu yangu, Yokohama ni matofali na chuma. Hapa ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, na boriti za mkoko mara nyingi hazifiki mita 3 kutoka ukuta hadi ukuta. Ndiyo maana vyumba vya Kiamu ni virefu na vyembamba. Si kwamba wazee hawakujua kujenga ukumbi. Mti ndio uliowapimia. Sasa huo wa watu 200 utatoka wapi ila kwa kuvunja kuta za kati? Na kuta hizo ndizo zinazobeba dari.

Jambo la pili ni saruji. Pita uangalie ubavu wa kusini, pale palipotiwa saruji zamani. Bonyeza kwa kidole: ngozi ngumu, ndani unga. Chokaa huacha ukuta upumue. Saruji huziba, unyevu unabaki ndani na chumvi inatafuna jiwe. Mkitaka kufungua, anzeni kwa kuibandua yote, kisha ukuta uachwe ukauke msimu mzima kabla ya rangi. Mwekezaji gani atakaa miezi hiyo bila kuuza hata kikombe cha kahawa? Beit al-Ajaib ya Unguja, lile jumba la kale la masultani, ilianguka upande mmoja Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, watu 2 wakafa. Na ile ilikuwa na serikali nyuma yake.

Mzee wa Jahazi:
Nililala humo nikiwa utingo. Boriti zilipangwa hadi mlangoni, papa mkavu juu yake, tunangoja kusi, upepo wa kusini, itugeuze. Mkiweka maonyesho, wekeni na harufu hiyo, tuone watalii wangapi watabaki.

(Sikatai, lakini. Lisianguke tu.)

Bi Mkomani:
Nyote mwasema ukumbi, mwasema ukuta. Mimi nauliza viti. Pwani nzima ya mui huu, jioni, mabaraza ni ya wanaume. Mwanamke akitaka kupunga upepo apite haraka kama mwenye deni. Likifunguliwa, nataka Alhamisi iwe yetu, milango ya ndani ifungwe, tukae. Na ngoma zikome kabla ya adhana ya isha, hilo halina mjadala.

Kijana wa Langoni:
Shikamoo Mzee, shikamoo Bi. Fundi, nimekwenda jana na kamba. Chumba kikubwa cha chini kina upana wa mita 2 na sentimita 70. Nimesimama katikati nikanyoosha mikono, nikabakisha kidogo tu. Basi ukumbi naufuta. Taarab ipigwe nje barazani, ndani ziwe karakana ndogondogo: mchonga milango chumba kimoja, mshona tanga kimoja. Zanzibar waliweka chuo cha muziki katika jumba la forodha la zamani.

Fundi Chokaa:
Na 2019 chuo hicho kilikuwa kikiomba msaada kisifungwe. Mshona tanga atalipa kodi kiasi gani? Mwenyewe ataitaka kila mwezi, wala hatangoja kusi. Mkahawa ndio utakaolipa, na mkahawa ukishalipa peke yake, mwaka wa pili utazitaka karakana ziwe jiko. Andikeni sasa, kwenye mkataba, chumba gani hakiguswi.

Bi Mkomani:
Na Alhamisi?