Naomba ushauri: mdogo wangu kaumia uti wa mgongo, wazee wanataka tumtoe ICU

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mdogo wangu alianguka na boda hapa Kampala, uti wa mgongo ukaumia shingoni, usawa wa pingili ya tano. Mikono anainua kidogo, miguu haina habari kabisa.

Daktari alitueleza kuwa neva zinazoendesha kiwambo cha kupumulia hutoka shingoni, kati ya pingili ya tatu na ya tano, ndiyo maana anachoka kupumua na hana nguvu ya kukohoa makohozi yatoke. Presha nayo ilishuka pamoja na mapigo ya moyo. Wanaipandisha kwa dawa ya dripu ili uti upate damu. Hapo sina ubishi.

Shida ni wazee. Gharama zimewaelemea, wanataka tumpeleke kwa mganga wa mifupa kijijini. Kwa gari, shingo haijatulia, tena bila oksijeni!

Mliowahi kuuguza mgonjwa wa hivi Uganda, mliwaelezaje wazee wakaelewa? Na kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda, bila kupinda shingo, mlikuwa watu wangapi? Sisi tuko wawili, manesi wachache. Godoro la hewa la kukodi linapatikana wapi?