Tupeane uzoefu: Kuhamia Nairobi na mtoto, ukisoma uzamili, ukiwa mzazi peke yako

Mama wa Kahawa

Hamjambo wapendwa. Juzi binamu yangu wa Bungoma alinipigia simu usiku akilia. Amepata nafasi ya uzamili hapa Nairobi, ana kijana wa miaka saba, na anamlea peke yake. Kila anayemwomba ushauri anamwambia mtoto abaki kwa nyanyake hadi masomo yaishe. Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha, kwa hivyo naomba kila aliyepitia njia hii aeleze yake. Naanza na yangu.

Nilitoka Kakamega Septemba 2023, binti yangu akiwa Gredi ya 3. Kilichonitesa kwanza ni kalenda. Chuo kilifungua mwaka Septemba, ilhali mwaka wa shule ya mtoto huanza Januari. Nikamng'oa muhula wa tatu ukiwa umeshaanza, nao ndio mfupi kuliko yote. Nikalipa karo ya muhula mzima kwa wiki zisizofika kumi, nikanunua sare mpya, na kabla hajazoeana hata na aliyeketi naye dawati moja, shule zikafungwa. Leo ningemwacha kwa mama yangu amalize mwaka na wenzake, mimi nitangulie kutafuta nyumba na shule, kisha nimfuate Desemba. Miezi mitatu si kumtelekeza mtoto. Nalisema hili wazi kwa sababu wakati ule nililia kwa kuliwaza tu.

Cha pili ni nyumba. Nilitafuta karibu na chuo, nikapata bedsita Ngara ya shilingi 12,000, na deposit ya mwezi mmoja juu yake. Mimi nilikuwa natembea kwa miguu hadi darasani. Lakini shule niliyoweza kuilipia ilikuwa Kahawa West, kwa hivyo mtoto ndiye aliyekuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kupanda matatu nami, kisha mimi narudi mjini. Jioni ndiyo hiyo hiyo tena. Mvua ikinyesha nauli inapanda, barabara inafunga, na mtoto analala mapajani mwangu na begi mgongoni. Siku moja mwalimu wake akaniita akanionyesha daftari: mistari ya kwanza ilikuwa na mwandiko mzuri, kisha herufi zikaanza kuteleza chini, na mwisho kalamu ilikuwa imechora mstari mmoja mrefu hadi ukingoni. Alikuwa amesinzia akiandika. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Januari tukahamia Kahawa West. Siku hiyo, kitanda kikiwa bado vipande sakafuni, alimwomba keateka wa ploti msumari, akatundika begi lake la shule nyuma ya mlango, ndipo akaniuliza, "Mama, hapa tutakaa?" Nikamwambia tutakaa. Ushauri wangu kwa binamu ni huo: panga nyumba karibu na shule ya mtoto. Wewe ni mtu mzima, unaweza kupanda matatu ya 44 saa tatu usiku. Yeye hawezi.

Lililobaki lilikuwa zile saa za katikati. Darasa langu lilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili na nusu usiku, mtoto anatoka shule saa tisa na nusu. Nilizungumza na mama mboga wa chini ya gorofa letu. Tulikubaliana shilingi 150 kwa siku, chakula cha jioni kikiwamo, namtumia M-Pesa kila Ijumaa. Binti yangu alifanyia kazi ya nyumbani juu ya kreti ya nyanya iliyofudikizwa, chini ya taa ya kibanda, mbele ya macho ya wateja wote wa mtaa. Watu wa ukoo walisema naaibisha familia. Mimi nasema mama yule alinisomesha. Na mlipeni mtu anayewashikia mtoto, hata kama ni kidogo. Usaidizi wa bure una siku yake ya kuchoka, na siku hiyo huwa ndiyo ya mtihani.

Baba wa Mmoja

Asante dada kwa kuanzisha. Mimi ni mwanamume na huwa sisemi haya. Mke wangu alifariki kijana wetu akiwa na miaka minne, mwezi wa pili tangu niandikishwe uzamifu, yaani PhD. Tulihama Eldoret kuja Githurai, wawili tu.

Ninalotaka kuongeza ni kwamba masomo haya yana sehemu ambazo hazina ratiba ya darasa, na hizo ndizo zinazomlemea mzazi. Ukimaliza pendekezo la utafiti unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kabla ya kwenda nyanjani kukusanya data. Halafu kuna makala: tangu miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014, mwanafunzi wa uzamifu anatakiwa awe na makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu, wa uzamili moja. Mimi nilihesabu miaka mitatu ya tasnifu, sikuhesabu miezi ya kusubiri wahariri wa majarida. Hesabuni mapema, kwa sababu kodi na karo havisubiri mhariri.

Nyanjani nilienda Kitui. Niliomba kibali mapema ili mahojiano yaangukie likizo ya Agosti, nikaenda na kijana. Wazee niliowahoji walimpa asali na wakamfundisha kuhesabu mbuzi kwa Kikamba. Nilipata majibu marefu zaidi yeye akiwepo, maana mtu akikuona na mtoto anakuona kama mzazi mwenzake, hakuoni kama mtu wa fomu.

Na mwambieni msimamizi. Mimi nilificha mwaka mzima. Siku jirani aliyekuwa akimshika alipougua, nilienda na kijana semina bila kuomba ruhusa. Akalala juu ya viti viwili vya plastiki nilivyovisogeza pamoja, koti langu juu yake, viatu vya shule mguuni. Profesa aliingia, akamtazama, akafunga dirisha lililokuwa likipitisha baridi, kisha akaendesha kipindi kizima kwa sauti ya chini. Baadaye akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Tangu hapo vikao vyangu viliwekwa asubuhi.

Mwalimu wa Zimmerman

Naandika kwa ufupi kutoka upande wa shule. Mnapomhamisha mtoto, hakikisheni shule ya zamani imemwachilia kwenye mfumo wa wizara, la sivyo ile mpya itamfundisha bila kuwa na jina lake. Bebeni cheti cha kuzaliwa halisi, msiache kijijini. Aliye na mtoto Gredi ya 7 au 8 awe makini zaidi: matokeo ya mwisho wa Gredi ya 9 yanajumlisha asilimia 20 ya mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20 ya tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 ya mtihani wenyewe. Mtoto akihama kabla mwalimu hajaingiza alama za tathmini, mzazi ndiye atakayezunguka kuzitafuta. Subirini ziingizwe, ndipo mfunge mizigo.

Binti wa Mwambao

Wenzangu mmezungumza kana kwamba mzazi mwenzio hayupo kabisa. Kwa Baba wa Mmoja pole sana, Mungu amrehemu mkeo. Lakini wengi wetu kina mama, baba wa mtoto yuko hai, ana kazi, na anapika pilau Idi. Mimi nilihama Likoni na mwanangu kuja kusoma, nikijiambia sitaki kitu chake. Kumbe nilikuwa namnyima mtoto haki yake kwa kiburi changu. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema malezi ni jukumu sawa la mama na baba, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikalikazia. Nilikwenda kwa afisa wa watoto, tukaitwa sote wawili, tukaandikiana makubaliano: yeye karo na bima, mimi nyumba na chakula, likizo ya Desemba mtoto yuko kwao Mombasa. Hatukufika mahakamani.

Na Desemba hiyo, nyumba ikiwa kimya, ndipo nilipoandika sura mbili za tasnifu. Mwambie binamuyo azungumze na baba mtu kabla ya kupakia vitu garini, si baada. Mtoto akihamishwa mji bila baba kujua, hata mazungumzo mazuri huanza kwa ugomvi.

Msomaji wa Rongai

Mimi safari yangu ilikuwa ndefu zaidi kidogo na haikufika. Nilipata nafasi ya uzamili wa darasani Uingereza, nikauza friji na kochi, nikamwambia mwanangu tutaona theluji. Ndipo nikasoma masharti vizuri. Tangu tarehe 1 Januari 2024, mwanafunzi wa kigeni kule haruhusiwi kuandamana na mtoto, isipokuwa anasomea shahada ya utafiti kama uzamifu, au amefadhiliwa na serikali. Marekani ni tofauti, mtoto hupewa viza ya F-2, ya wategemezi wa mwanafunzi, na anaweza kusoma shule, ila lazima uonyeshe pesa za kumtunza yeye pia, juu ya zako.

Nilikaa na barua ile ya chuo wiki mbili. Watu wa kanisani waliniambia niende, mwaka mmoja si mrefu. Huenda kwa mwingine si mrefu. Mwanangu alikuwa na miaka mitano na usiku hulala akinishika sikio. Nikabaki, nikajiandikisha hapa hapa, nasoma wikendi. Sijutii, ingawa nikiona picha za waliokwenda moyo hunichoma. Mwenye kupanga kwenda nje na mtoto asome masharti ya viza kabla ya kulipia ombi la chuo.

Mama wa Kahawa

Nimewasoma wote, na binamu amesoma pia, nimemtumia kila ujumbe. Ule wa viti viwili vya plastiki ameusoma mara tatu. Amekiandikia chuo kuomba aanze Januari badala ya Septemba, na wamekubali. Kesho anamwendea afisa wa watoto kule Bungoma. Baba wa kijana wake yuko Webuye, hawajazungumza tangu mwaka jana.

Mimi nimeshaongea na mama mboga. Anasema kreti bado ipo, lakini sasa bei ni 200, na ni haki yake. Kuna chumba wazi kwenye ploti iliyo nyuma yetu, dakika sita kwa miguu hadi lango la shule. Nimezihesabu leo nikitembea kwa mwendo wa mtoto.